Komba wa Mitundu: Mnyama wa Usiku Aukaribiaye Mji

Mgeni afikaye Mitundu kwa mara ya kwanza aghalabu hushtuka usiku. Jua likisha kuchwa, husikika kutoka katika miti iliyo ukingoni mwa makazi sauti kali ifananayo na kilio cha mtoto mchanga. Hukatika, huanza tena, kisha hujibiwa kutoka mti mwingine ulio mbali kidogo. Wenyeji hawashtuki. Wao wanajua kwamba huyo ni komba, na kwamba wakati wake wa kuishi ndio kwanza umeanza.

Komba ni mmojawapo wa wanyama wachache wa porini ambao hawakumkimbia binadamu alipoanza kujenga miji. Yumo Dar es Salaam katika miembe mikubwa ya Msasani na Oysterbay. Yumo Unguja na Mombasa katika minazi. Yumo Nairobi katika viunga vyenye bustani. Yumo Pretoria, Afrika Kusini, ambako hupita juu ya kuta za nyumba kama paka. Hata hivyo watu wengi wanaoishi naye hawajapata kumwona, bali wameisikia sauti yake tu. Jambo hilo limeleta hofu isiyo na sababu, na ubaya zaidi, limefanya mahitaji ya mnyama huyu yasifikiriwe na yeyote wakati shoka linapoinuliwa.

Mitundu iko kusini mwa Itigi, Mkoa wa Singida, kando ya barabara iendayo Rungwa na hatimaye Mbeya. Pande za Itigi na Manyoni kuna kile kichaka mashuhuri kiitwacho na wataalamu wa mimea "kichaka cha Itigi": msitu mfupi, mnene, wenye urefu wa mita tatu hadi tano hivi, ambao mtu hupenya kwa shida. Mmoja wa walioichunguza mimea ya nchi hiyo kwa bidii alikuwa B. D. Burtt, mtaalamu wa mimea katika idara ya utafiti wa mbung'o, aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1938 pamoja na mkuu wake C. F. M. Swynnerton, mti mmoja wa kichaka hicho, Burttia prunoides, una jina lake hata leo. Lakini kadiri mtu aendavyo kusini, kichaka hupungua na miombo hushika nafasi. Katika miombo hiyo umo mti ambao wataalamu huuita Brachystegia spiciformis, na ambao Wanyamwezi huuita mtundu. Msomaji ataona mwenyewe jinsi jina hilo linavyolingana na jina la mahali.

Ni nchi ya mvua za msimu mmoja na kiangazi kirefu. Kwa muda mrefu mbung'o waliwazuia wafugaji wasiingie na ng'ombe wao, na misitu ikabaki mikubwa. Wakazi wake walijulikana zaidi kwa asali na nta kuliko kwa mifugo. Mambo hayo mawili, miti mikubwa na asali, ndiyo yatakayorejewa hapa chini, kwa maana maisha ya komba yamefungamana nayo kuliko mtu anavyodhani.

Si mmoja, ni wengi

Neno "komba" katika Kiswahili limebeba mzigo mkubwa, kwani linataja jamii nzima ya wanyama wasiolingana kwa ukubwa wala kwa tabia. Katika misitu ya magharibi na kusini mwa Tanzania wapo hasa wa namna mbili. Wa kwanza ni komba mkubwa, mwenye uzito wa kilo moja hadi mbili na mkia mnene wa manyoya. Huyu ndiye mwenye kile kilio cha mtoto. Wa pili ni komba mdogo, ambaye uzito wake ni gramu 150 hadi 200 hivi, yaani sawa na mayai matatu au manne ya kuku. Pwani na visiwani wapo wengine, na katika milima ya Uluguru na Usambara wengine tena.

Mpaka miaka ya karibuni wataalamu walidhani kwamba aina hizi ni chache, maana ngozi zao zikilazwa mezani hazionyeshi tofauti kubwa. Waliozitenganisha ni watafiti waliokaa msituni usiku na vinasa-sauti. Iligunduliwa kwamba kila aina ina mwito wake maalumu, na kwamba komba hawajali sana rangi ya mwenzao gizani bali husikiliza lugha yake. Kwa njia hiyo, mwaka 1996, komba mdogo kabisa wa Tanzania alitambuliwa na kupewa jina la uwanda wa Rondo, mkoani Lindi. Uzito wake haufiki gramu mia moja.

Wote hawa ni wa jamii moja na tumbili, nyani, sokwe na binadamu, ingawa ni tawi lililojitenga zamani sana. Mikono yao ina vidole vya kushika na kucha bapa kama za watu, isipokuwa kidole kimoja cha mguu chenye ukucha mrefu wa kujikunia. Meno ya mbele ya taya la chini yamelala mbele yakiwa yamebanana, nayo hutumika kama chanuo la kuchania manyoya na kama kikwangulio cha chakula.

Macho ndiyo ajabu yake kuu. Ni makubwa mno kwa kichwa chake hata hayana nafasi ya kuzunguka vizuri ndani ya mafuvu. Kwa hiyo komba hugeuza kichwa kizima, na aweza kukigeuza mpaka akatazama nyuma moja kwa moja. Nyuma ya kila jicho liko tabaka linalong'aa kama kioo, ambalo huurudisha mwanga uliokwisha kupita ili utumike mara ya pili. Ndiyo sababu mtu akimmulika kwa tochi huona vitone viwili vyekundu vikimwangalia kutoka matawini. Masikio nayo ni mapana, membamba kama karatasi, na kila moja hujikunja na kujikunjua peke yake. Komba aweza kumkamata nondo arukaye kwa kufuata mlio wa mbawa zake.

Kuruka kwake kulipimwa katika miaka ya 1960. Komba mdogo mmoja aliruka wima kutoka chini hadi kimo cha mita 2.25, mara kumi na zaidi ya urefu wa kiwiliwili chake. Misuli ya mapaja peke yake haiwezi kutoa nguvu nyingi namna hiyo kwa muda mfupi namna hiyo. Kano za mguu huvutwa kwanza kama uta, kisha huachiwa kwa ghafula, na mifupa ya kisigino iliyorefuka huwa kama wenzo. Kabla ya safari zake hukojolea viganja vyake na kuvipaka nyayoni. Wengine husema ni kwa ajili ya kushika tawi vizuri, wengine kwamba ni kuacha harufu njiani ili wenzake wajue nani kapita. Yumkini yote mawili ni kweli.

Kula kwake, kulala kwake

Watu wa pwani wana usemi wa mtu kuwa mlevi kama komba, na usemi huo haukutokana na dhana. Wagema wa tembo wanajua kwamba komba hupanda mnazi usiku, hunywa kilichomo katika kitungi, na pengine hukutwa asubuhi hajiwezi. Asili ya jambo hilo ni kwamba mnyama huyu hupenda vimiminika vitamu vya miti. Komba mkubwa hula matunda, utomvu na wadudu. Komba mdogo hategemei matunda. Chakula chake ni wadudu na gundi ya migunga, basi.

Gundi si chakula rahisi. Haisagwi na tumbo la kawaida, na mnyama mwingine akiila atapata faida kidogo sana. Komba ana sehemu ya utumbo iliyotanuka kama mfuko, ambamo bakteria huichachusha gundi na kuigeuza kuwa kitu chenye manufaa mwilini. Tena hana meno ya kutoboa gome. Hutegemea mashimo yaliyotobolewa na funza wa mbawakawa, ambamo mti hutoa gundi ili kuziba jeraha lake. Katika kiangazi, wakati wa baridi ya mwezi wa Juni na Julai, panzi na nondo wanapoadimika, gundi hiyo ndiyo inayomvusha mpaka mvua za kwanza.

Hapa pana jambo la kuangaliwa. Migunga mingi huota mahali palipofyekwa na kuachwa, katika mashamba yaliyopumzishwa na kando ya njia. Kwa hiyo mkulima, bila kukusudia, humtayarishia komba mdogo meza ya chakula. Taa za umeme hali kadhalika: huwavuta wadudu, na wadudu huwavuta wale wawalao. Kwa upande wa chakula, makazi ya watu si adui wa komba.

Shida iko kwenye malazi. Mchana komba wadogo hulala pamoja, mara nyingi mama na wanawe na ndugu zake, wakiwa wamejikunyata kama mpira mmoja. Hulala katika mashina ya miiba, katika viota vya majani, na zaidi katika mapango ya miti mikongwe. Imewahi kuonekana hata wakilala ndani ya mzinga uliohamwa na nyuki. Usiku hutawanyika, kila mmoja akatafute chakula peke yake, na alfajiri huitana na kurudi. Jike huchukua mimba ya miezi minne, naye mara nyingi huzaa pacha. Watoto wakiwa wachanga huwabeba kinywani mmoja mmoja, huwaacha wameshikilia tawi wakati anawinda, kisha huwarudia. Pango lenye mlango mwembamba huwakinga dhidi ya bundi, kanu na nyoka. Bila pango, watoto hao ni chakula cha yeyote apitaye.

Pango katika mti wa miombo halitengenezwi kwa mwaka mmoja wala kwa kumi. Tawi huvunjika, kuvu huingia, mchwa hufuata, na moyo wa mti huoza polepole huku gome likiendelea kuishi. Ni kazi ya makumi ya miaka.

Funzo kutoka Australia

Katika Afrika ya leo hakuna mnyama hata mmoja wa jamii ile yenye kulea watoto katika mfuko wa tumboni, ingawa visukuku vya jamaa zao vimepatikana katika bonde la Fayum, Misri. Huko Australia, ambako jamii hiyo ilistawi, yuko mnyama ashikaye nafasi inayolingana sana na ile ya komba: posamu mwenye mkia wa manyoya. Naye ni wa usiku, naye ni wa mitini, naye hulala mapangoni, naye amejifunza kuishi mjini. Tofauti kubwa iko katika uzazi. Posamu huzaa baada ya siku 17 au 18 tu. Mtoto, mdogo kama harage, hutambaa mpaka mfukoni na hukaa humo miezi minne hadi mitano.

Miji ya Sydney na Melbourne ilipokata mikalitusi mikongwe, posamu hakuondoka, alihamia darini. Leo ni jambo la kawaida huko kwa mwenye nyumba kukesha akisikiliza vishindo juu ya kichwa chake. Sheria haimruhusu kumwua. Katika jimbo la Victoria, posamu akinaswa nyumbani sharti aachiliwe jioni ya siku hiyo hiyo, si zaidi ya mita 50 kutoka aliponaswa, kwa sababu akipelekwa mbali huingia katika eneo la wenzake na kufa. Ushauri utolewao ni kuziba tundu la dari na kumtundikia sanduku la mbao mtini, liwe badala ya pango. Lakini posamu huyu ajaaye mijini ametoweka katika sehemu kubwa za bara kavu la Australia alikokuwa zamani. Wingi wake mjini haukuwa ushahidi wa heri yake porini.

New Zealand ilipata maafa ya namna nyingine. Wafanyabiashara wa manyoya walimpeleka huko posamu katika karne ya 19, naye akafanikiwa kujikita kuanzia mwaka 1858. Hakukuwa na wanyama wa kumla wala miti iliyozoea kuliwa naye. Kufikia miaka ya 1980 ilikadiriwa kwamba walikuwa milioni 70 hivi. Hesabu za baadaye zilipunguza makisio hadi milioni 30. Wameharibu misitu, wamekula mayai ya ndege, wameeneza kifua kikuu cha ng'ombe, na mwaka 2016 serikali ilitangaza azma ya kuwamaliza kabisa ifikapo mwaka 2050. Mnyama ni yule yule. Kilichobadilika ni mahali alipowekwa.

Komba yuko kwao. Hakuletwa Mitundu na mtu yeyote; mji ndio uliomfuata.

Mji una bei yake

Katika miaka ya 2010 watafiti wa Afrika Kusini walilinganisha komba wadogo waishio Pretoria na wale waishio porini. Wale wa mjini walikuwa wanene zaidi, kwa kuwa watu huwawekea ndizi na mkate vibarazani. Lakini kinyesi chao kilipopimwa kilionekana kuwa na kiasi kikubwa zaidi cha mabaki ya homoni zitokazo mwilini wakati wa dhiki. Ni kama mtu aliyehama kijijini akapata mshahara mzuri na usingizi mbaya.

Huko Diani, pwani ya Kenya, komba wamo katika orodha ya wanyama waliouawa na nyaya za umeme zisizofunikwa. Paka na mbwa huwakamata wakishuka chini, na komba hushuka chini pale tu matawi yasipokutana. Umeme unapofika katika miji midogo kama Mitundu, mafundi hufyeka njia ya nguzo. Pengo la mita chache lililo dogo machoni pa binadamu laweza kuwa kubwa mno kwa mnyama wa gramu 150 aliyebeba mtoto kinywani.

Wala si komba wote wawezao kuishi mjini. Yule wa Rondo hupatikana katika vipande vichache vya misitu ya pwani, vingine vikiwa jirani kabisa na Dar es Salaam, kama Pugu na Pande. Mji umekua mpaka mlangoni pake, naye hakuingia, maana hajui kuishi nje ya msitu wenyewe. Amewekwa katika daraja la wanyama walio katika hatari ya kutoweka, na adui yake mkuu ni tanuri la mkaa. Jamaa zake wakubwa wanalia katika miembe ya Oysterbay, mwendo mfupi tu kutoka hapo.

Ni vema pia kutaja madhara, ili sifa zisizidi kweli. Komba aliyefugwa huuma, na kumfuga ni hatari kwa sababu nyingine vilevile. Taasisi ya utafiti wa homa ya manjano iliyoanzishwa Entebbe, Uganda, mwaka 1936, ilionyesha katika miaka ya 1940 kwamba virusi vya ugonjwa huo vyaweza kukua katika damu ya komba. Hii haina maana kwamba komba aliye juu ya mti humwambukiza mtu aliye chini; mbu ndiye mchukuzi. Ina maana kwamba mnyama wa porini asiletwe chumbani awe kitu cha kuchezea watoto. Tena Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumkamata bila kibali.

Shoka, mzinga na mkaa

Katika miombo ya Mitundu, mti wenye pango ulikuwa na bahati ya pekee. Mpasua mbao hakuutaka, kwa sababu shina lililooza moyoni halitoi ubao. Alitafuta mninga ulio mzima, akapita. Mkulima aliyefyeka shamba aliweza kuuacha kwa sababu kuukata ni kazi nyingi bila malipo. Mchoma mkaa hachagui hivyo. Kwake shina kubwa ni magunia, liwe zima au bovu, na jinsi mkaa unavyozidi kuhitajiwa mijini ndivyo miti mikongwe inavyokwisha kwanza.

Warina asali nao wana sehemu yao katika habari hii, na si sehemu rahisi kuihukumu. Mfugaji nyuki huitunza miombo kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa maua ya mtundu na jamaa zake ndiyo asali yake. Mahali penye mizinga aghalabu pana miti. Lakini mzinga wa gome hutengenezwa kwa kulibandua gome la mti mzima kuzunguka shina, na mti uliobanduliwa hivyo hukauka. Mzinga mmoja, mti mmoja. Naye mwindaji wa asali ya porini, akiona nyuki wameingia pangoni, huangusha mti mzima apate masega machache. Asubuhi hiyo nyuki wamepoteza nyumba, na huenda na komba wa tundu la juu wamepoteza yao. Mizinga ya masanduku, ambayo maofisa wa nyuki wamekuwa wakiihimiza kwa miaka mingi, hupunguza hasara hiyo, ijapokuwa mbao zake nazo hutoka mtini na bei yake si ya kila mkulima.

Kujua kama komba wa mahali fulani wanaongezeka au wanapungua hakuhitaji mitambo. Watafiti hutembea polepole usiku katika njia ile ile, kwa mwendo ule ule, wakimulika matawini na kuhesabu jozi za macho, kisha hurudia mwezi ujao na mwaka ujao. Tochi iliyofunikwa kwa karatasi nyekundu huwasumbua wanyama kidogo zaidi. Shule yenye mwalimu wa elimu ya viumbe, daftari, na wazazi wawili wa kusindikiza, yaweza kuifanya kazi hiyo katika kipande cha njia kati ya nyumba za mwisho za Mitundu na miombo, na mchana wake ikaihesabu miti yenye mapango iliyosalia kandokando. Hesabu hizo mbili zikiwekwa pamoja kwa miaka mitano zitaonyesha kama komba wanaosikika usiku bado wanazaa hapo, au kama ni wazee waliobakia tu.